MAISHA YA PAUL LANGEVIN, BABA WA SAUTI ISIYOSIKIKA

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya wachezaji kandanda wala wanasiasa, maana hao wanajulikana hata na watoto wa chekechea. Nataka niwasimulie juu ya mwanafizikia mmoja Mfaransa ambaye jina lake ni nadra kulisikia darasani, ilhali kazi yake imo ndani ya mitambo mingi ya viwandani hadi leo. Huyu si mwingine bali ni Paul Langevin.

Langevin alizaliwa jijini Paris tarehe 23 Januari, 1872. Alipokuwa na umri wa miaka 16, yaani umri wangu mimi, alijiunga na chuo cha fizikia na kemia cha jiji hilo. Mwalimu wake katika maabara alikuwa Pierre Curie. Mlikumbuke jina hilo, tutarudi kwake. Mwaka wa 1880 Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wamegundua jambo la ajabu: ukiikandamiza fuwele ya kwatzi, jiwe fulani linalofanana na kioo, inatoa umeme kidogo. Kinyume chake pia ni kweli. Ukiipa umeme, inavimba na kunywea kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa miaka mingi ugunduzi huo ulikaa tu maabarani, ukisaidia kupima umeme mdogo.

Langevin alisoma sana. Mwaka wa 1897 alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa J. J. Thomson aliyegundua elektroni. Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1902, kisha akawa profesa katika Collège de France. Mwaka wa 1911 magazeti ya Paris yalimwandama yeye na Marie Curie, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa Pierre, kwa habari za mapenzi. (Mwalimu mlezi tafadhali usinikatie hapa, ni historia!) Mambo yalifika hadi Langevin akasimama na bastola mbele ya mwandishi mmoja wa gazeti. Kwa bahati hakuna aliyefyatua risasi, wakaenda zao.

Haya basi. Vita Vikuu vya Kwanza vilianza mwaka wa 1914. Nyambizi za Wajerumani zilipita chini ya bahari na kuzamisha meli bila kuonekana, na maelfu ya watu wakafa maji. Utaionaje nyambizi? Mwangaza haufiki mbali ndani ya maji, na mawimbi ya redio hayafiki pia. Sauti ndiyo hupita vizuri. Mwaka wa 1915 injinia Mrusi aliyeitwa Constantin Chilowsky alileta shauri la kutuma sauti kali majini na kusubiri mwangwi wake, na serikali ya Ufaransa ikamkabidhi Langevin kazi hiyo. Sauti ya kawaida husambaa kila upande kama moshi. Ile ya juu sana, isiyosikika na sikio la mwanadamu, yaweza kuelekezwa kama mwanga wa tochi.

Walijaribu kwanza katika mto Seine, kisha katika bandari ya kijeshi ya Toulon. Vyombo vya mwanzo vilikuwa dhaifu. Mnamo 1917 Langevin alikumbuka kwatzi ya mwalimu wake. Lakini palikuwa na tatizo. Kila kipande cha kitu kigumu kina sauti yake yenyewe, kama vile kengele. Ili kwatzi peke yake itetemeke vizuri mara 40,000 hivi kwa sekunde, ingebidi iwe na unene wa karibu sentimita 7. Fuwele kubwa namna hiyo utaitoa wapi, na umeme wa kuitikisa je? Langevin alifanya kama mtu anayetengeneza sandwichi. Alichukua vipande vyembamba vya kwatzi, akavipanga kama vigae, akavibandika katikati ya mabamba mawili mazito ya chuma cha pua. Kwatzi ilisukuma, chuma kikaitika, na vyote vikawa kengele moja. Mwanzoni mwa 1918 chombo hicho kiliipata nyambizi kwa mwangwi wake. Vita vilikwisha Novemba mwaka huohuo kabla hakijatumiwa vitani.

Kule Toulon kulitokea kioja. Samaki wadogo walioingia mbele ya chombo walikufa, na mtu akitia mkono majini alisikia maumivu makali. Mwanafizikia Mmarekani, Robert Wood, aliyaona hayo na hakuyasahau. Mwaka wa 1927 yeye na Alfred Loomis walichapisha majaribio yao, ambamo kijiti cha kioo kilichotikiswa kwa sauti hiyo kilitoboa bamba la kioo. Hapo ndipo watu walipong'amua kwamba sauti yaweza kufanya kazi ya fundi.

Leo mitambo ya namna hiyo huunganisha plastiki bila gundi, na mingine husafisha vipuri. Moyo wake ni sandwichi ileile ya Langevin, ila kwatzi imeachia nafasi vigae vya kauri maalum vilivyobanwa kwa bolti nene. Mingi hutetemeka mara 20,000 au 40,000 kwa sekunde. Shida ni kwamba sauti ya kengele hiyo haitulii. Ninyi mnajua ngoma ikipashwa moto sauti yake hupanda. Chuma ni kinyume: kikipata joto kinalegea kidogo na sauti yake inashuka. Ukikigandamiza kwenye kazi nzito, inabadilika tena. Kikichakaa, vivyo hivyo. Sasa kama umeme unaendelea kusukuma kwa mwendo ule wa asubuhi, ni sawa na kusukuma bembea kabla haijarudi: unajichosha bure, mtambo unapata joto zaidi, na kauri yaweza hata kupasuka. Kwa hiyo kifaa cha umeme hupewa kazi ya kusikiliza. Kinalinganisha volti na mkondo wa umeme kama vinapanda na kushuka pamoja. Kimoja kikitangulia, kifaa kinajua kimeachwa na kengele, nacho kinaongeza au kupunguza mwendo hadi vikutane tena. Hilo hufanyika mara nyingi katika sekunde moja, mfanyakazi hata habari hana. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, ati mashine inaufuata wimbo wa chuma badala ya kukilazimisha!

Tumrudie Langevin. Yeye hakuwa mtu wa kubadilika kwa joto. Alipinga ufashisti waziwazi tangu miaka ya 1930. Wajerumani walipoiteka Paris walimkamata Oktoba 1940, mzee wa miaka 68, wakamfunga gerezani, kisha wakamweka chini ya ulinzi mjini Troyes. Mkwewe, Jacques Solomon, naye mwanafizikia, alipigwa risasi mwaka wa 1942. Binti yake Hélène alipelekwa Auschwitz, lakini alirudi hai. Mzee mwenyewe alitoroka Mei 1944 akavuka hadi Uswisi.

Aliporudi nyumbani mwaka huohuo hakupumzika. Aliongoza tume ya kurekebisha elimu, iliyopendekeza kila mtoto wa Ufaransa asome bila malipo hadi umri wa miaka 18. Alifariki tarehe 19 Desemba, 1946, kabla ripoti haijatoka. Mwaka wa 1948 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Pierre Curie, mwalimu wake wa kwatzi, aliingizwa humo mwaka wa 1995. Mwanafunzi alikuwa amemtangulia kwa miaka 47.