Faraday: Mtoto wa mhunzi aliye nyuma ya kipimajoto cha gari lako

Uko kwenye foleni saa nane mchana. Unatupa jicho kwenye dashibodi, joto la nje limeandikwa nyuzi 41. Unafungua simu, hali ya hewa inasema 33. Sasa nani anadanganya?

Kabla hujampigia fundi, mfahamu kwanza Michael Faraday. Jamaa huyu alifariki kabla gari la petroli halijaanza kuuzwa, lakini jambo alilolinasa mwaka 1833 ndilo linaloandika hiyo namba.

Shule aliigusa tu

Faraday alizaliwa 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi, ila maradhi yalimfanya ashindwe kufanya kazi kila siku. Nyumbani maisha yalikuwa ya kubangaiza. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu kwa George Riebau. Alikaa hapo miaka saba. Vitabu alivyopewa avishone, yeye alikuwa anavisoma. Siku moja akakutana na maelezo kuhusu umeme, na tangu hapo hakutulia tena.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanasayansi aliyekuwa anatikisa London, kwenye taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora vifaa, akajalidi kitabu chake mwenyewe na kumpelekea Davy kama ombi la kazi.

Machi 1813 Davy alimwajiri kuwa msaidizi wa maabara.

Bosi akageuka

Haikuwa rahisi. Mwaka huohuo walianza safari ndefu ya Ulaya, na mke wa Davy alimfanya Faraday kama mtumishi wa ndani. Alivumilia, kwa sababu safari hiyo ilimkutanisha na wanasayansi wakubwa.

Mwaka 1821 Faraday aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kukoma. Huo ndio mwanzo wa mota. Lakini mafanikio yalileta maneno. Ilipofika 1824, jina lake lilipopendekezwa Royal Society, aliyepinga alikuwa Davy yuleyule, wakati huo akiwa rais wa chama hicho. Hata hivyo Faraday alichaguliwa.

Davy alifariki 1829. Miaka miwili baadaye Faraday aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku, kanuni inayoendesha majenereta mpaka leo.

Jambo lililokwenda kinyume

Sasa tufike 1833. Wakati huo ilishajulikana kwamba chuma au shaba ikipata moto, umeme unapita kwa shida zaidi. Na aliyekuwa ameonyesha hivyo kwenye metali ni Davy mwenyewe.

Faraday alikuwa anapitisha umeme kwenye kampaundi ya madini ya fedha na salfa. Alipoiweka juu ya moto wa taa, umeme ukapita kwa urahisi zaidi. Alipoondoa taa, ikapoa na umeme ukapungua.

Mtu mwingine angesema betri ina matatizo, akaendelea na yake. Faraday alirudia jaribio, akaliandika na kulichapisha, ingawa lilikuwa kinyume na tabia ya metali zote alizozijua. Hakupata faida yoyote. Karibu miaka 100 ilipita mpaka vifaa vya kupima joto kwa njia hiyo, vinavyoitwa themista, vilipoanza kutengenezwa kwa biashara miaka ya 1930.

Ndani ya gari lako

Sensa ya joto la nje kwenye magari mengi ni themista ndogo, imefichwa mbele karibu na bampa au grili. Ikipata joto, ukinzani wake unashuka na umeme unapita kirahisi. Ikipoa, ukinzani unapanda. Kompyuta ya gari inasoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa nyuzi.

Tatizo ni kwamba sensa inapima hewa inayoigusa. Kwenye foleni, hewa hiyo imechanganyika na joto la lami na la injini. Ndiyo maana unaona 41. Ile 33 ya simu ni makadirio ya eneo lako, haijapimwa mbele ya bampa lako.

Magari mengi pia huchelewa makusudi kubadilisha namba, ili isirukeruke. Kwa hiyo hata ukitoka kwenye foleni, subiri dakika kadhaa ukiwa unatembea ndipo uiamini.

Ila ukiona inaandika baridi ya ajabu, tuseme nyuzi 40 chini ya sifuri, hapo kuna kasoro. Mara nyingi waya umekatika au plagi imechomoka. Umeme haupiti kabisa, na kompyuta inaelewa kwamba nje kumeganda. Usipuuze, kwa sababu kwenye magari mengi AC ya otomatiki inatumia namba hiyohiyo kupanga ubaridi.

Hata simu uliyoshika ina themista karibu na betri. Ukiiacha juani ikagoma kuchaji, ndiyo iliyotoa taarifa.

Alikataa ukubwa

Faraday alikataa kupewa cheo cha Sir, na alikataa pia kuwa rais wa Royal Society, kiti alichokalia Davy. Kila aliposimulia alikotoka, alimsifu Davy kwa kumfungulia mlango.

Uzeeni kumbukumbu zake zilififia. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court, na hapo ndipo alipofariki 25 Agosti 1867. Alizikwa makaburi ya Highgate, bila makuu, kama alivyotaka.

Kwa hiyo ukiona 41 kwenye foleni, usiwahi gereji. Tembea kwanza, hewa ipite, halafu tazama tena.