Arthur Loveridge, mtu aliyeandika vyura wa Afrika wanakula nini

Mvua ikinyesha jioni mjini Kindu, vyura huanza kulia kandokando ya mto Lualaba, na wengi huwapita bila kuwajali. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga vyura wa miti wa Afrika nyumbani, ndani ya masanduku ya kioo yaliyopandwa mimea. Swali lao la kila siku ni moja: chura huyu ale nini? Kati ya waliolijibu mapema ni Arthur Loveridge.

Alizaliwa mwaka wa 1891 huko Penarth, Wales. Mwaka wa 1914 alifika Nairobi kusimamia makumbusho. Vita vya kwanza vya dunia vilimwingiza jeshini, na baadaye akawa ofisa wa wanyamapori Tanganyika. Mwaka wa 1924 alihamia chuo kikuu cha Harvard, Marekani, akatunza mikusanyo ya nyoka, mijusi na vyura hadi 1957.

Lakini hakukaa ofisini tu. Alirudi Afrika mara kadhaa, na safari moja ilimfikisha hadi kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu. Wanakijiji na watoto walimletea wanyama. Msaidizi wake wa miaka mingi alikuwa Salimu bin Asmani. Loveridge aliandika jina la mnyama katika lugha ya wenyeji, mahali alipopatikana, na kilichokutwa tumboni mwake baada ya kupasuliwa: mchwa, sisimizi, mende, panzi.

Maandishi ya namna hiyo ndiyo msingi wa ulishaji wa leo. Chura huona kinachotembea, kwa hiyo mdudu mfu humpita asimguse. Vyura wa miti huwinda usiku, basi chakula huwekwa jioni: nyenje au nzi walio hai, wasiozidi upana wa kichwa chake, wakiwa wamepakwa unga wa kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Msituni hahitaji unga huo, kwani wadudu ni wa aina nyingi. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua ni karamu kwake kama walivyo kwa watu wa Maniema.

Mwaka wa 1928, Loveridge na Thomas Barbour walitangaza vyura wadogo wa milima ya Uluguru na Usambara, ambao viluwiluwi vya baadhi yao hukua katika maji yaliyotuama ndani ya mianzi na migomba ya porini. Mmoja wao, Parhoplophryne usambarica, kwa miaka mingi alijulikana kwa chura mmoja tu aliyekusanywa 1926.

Loveridge alifariki 1980 kisiwani Saint Helena. Kazi yake inaacha onyo kwa kila mji ulio kando ya msitu, Kindu ikiwemo: msitu ukikatwa kabla chakula cha chura hakijajulikana, hakuna sanduku la kioo litakalomwokoa.