Khan Jahan: Aliyeacha Maji na Msikiti

Sisi watu wa pwani twaijua adha ya kisima kilichoingia chumvi. Ndiyo sababu kila nikisoma habari za Khan Jahan wa Bengal, moyo wangu humwelekea.

Katika karne ya 15 alifika Bagerhat, kusini ya nchi iitwayo leo Bangladesh, kandokando ya misitu ya mikoko ya Sundarbans. Maji yalikuwa tele, lakini ya chumvi, na mwituni mlikuwa na chui milia. Akafyeka mwitu, akajenga mji ulioitwa Khalifatabad, akatia barabara na madaraja, akachimba mabwawa makubwa ili watu wapate maji matamu.

Kisha misikiti ya matofali. Ulio mkubwa huitwa Msikiti wa Kuba Sitini. Lakini ukizihesabu, msomaji wangu, utapata kuba 77 juu ya paa, na nyingine nne minarani. Zilizo 60 ni nguzo za ndani.

Alifariki mwaka 1459, sawa na 863 Hijria, akazikwa ukingoni mwa bwawa moja katika hayo. Mwaka 1985 UNESCO iliutia mji wake katika urithi wa dunia.

Nyumba aliyokaa imebaki misingi tu ardhini, na msikiti ungali umesimama. Wengi wetu twajenga kwetu kwanza, na kisima cha mtaa twakiahirisha. Yeye aliijua sadaka isiyokatika. Mwenyezi Mungu amrehemu, amin.