Alexey Brodovitch: Mkimbizi aliyewafundisha wabunifu wa Marekani kuutazama ukurasa upya

Mwaka 1920 kijana wa Kirusi aliwasili Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akiwa hana fedha, hana cheti cha chuo chochote cha sanaa na hana nchi ya kurudia. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kupaka rangi kuta za nyumba za watu. Miaka 14 baadaye kijana huyo alikabidhiwa sura nzima ya Harper's Bazaar, mojawapo ya majarida makubwa ya mitindo nchini Marekani, na akaishika kazi hiyo kwa karibu robo karne. Jina lake ni Alexey Brodovitch.

Kazi aliyoifanya huitwa ukurugenzi wa sanaa. Mkurugenzi wa sanaa si lazima awe ndiye aliyepiga picha au aliyeandika maneno. Yeye huamua picha ipi itumike na ikatwe wapi, herufi ziwe za umbo gani na ukubwa gani, na sehemu ipi ya karatasi iachwe tupu. Msomaji wa jarida au mpita njia anayetazama bango huongozwa na maamuzi hayo bila kumfahamu aliyeyafanya. Ndiyo maana wengi waliokulia katika kazi ya Brodovitch hawakuwahi kulisikia jina lake.

Mtoto wa daktari aliyetorokea vitani

Brodovitch alizaliwa mwaka 1898 huko Ogolichi, wakati huo ndani ya milki ya Urusi na leo nchini Belarus. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na mama yake alichora kwa kuipenda sanaa, si kwa kuitafutia riziki. Familia ilikuwa na uwezo, nayo ilitarajia kwamba kijana angesoma mjini St Petersburg na hatimaye kuingia katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme.

Vita Vikuu vya Kwanza vilivuruga mpango huo. Akiwa na umri wa miaka 16 alitoroka nyumbani kwenda kujiunga na jeshi. Alirudishwa, na baadaye akapelekwa katika chuo cha maofisa wa kijeshi. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipoigawa nchi, alipigana upande wa Jeshi Jeupe lililowapinga Wabolsheviki, akajeruhiwa huko Odessa. Upande wake ulishindwa. Pamoja na askari wengine na raia waliokimbia, alirudi nyuma kupitia Kaukazi hadi Uturuki. Katika safari hiyo ndimo alimokutana na Nina, aliyekuja kuwa mke wake. Kutoka Uturuki wakaelekea Ufaransa, kama walivyofanya maelfu ya Warusi wenzao.

Paris ilivyokuwa chuo chake

Katika mtaa wa Montparnasse, walikojazana wasanii na wahamiaji maskini, Nina alishona nguo na mumewe alipaka rangi nyumba. Alitaka kuwa mchoraji, lakini tumbo halikungoja. Kupitia Warusi wenzake alipata kazi ya kupaka rangi mapazia ya jukwaa kwa ajili ya Ballets Russes, kundi la dansi lililoongozwa na Sergei Diaghilev. Hapo aliwaona kwa karibu wachoraji, wanamuziki na wachezaji wakifanya kazi chini ya paa moja, na akajifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: mtazamaji akishajua kitakachofuata, huacha kutazama.

Mwaka 1924 yalifanyika mashindano ya kuchora bango la tafrija ya wasanii iliyoitwa Bal Banal. Brodovitch alichora barakoa kwa rangi chache tu, akacheza na weupe na weusi kwa namna inayofanana na negativu ya picha. Bango lake lilishika nafasi ya kwanza. Mchoro uliofuata nyuma yake ulikuwa wa Pablo Picasso. Mabango hayo yalibandikwa kwenye kuta za Montparnasse, na kwa mara ya kwanza mkimbizi huyo akaliona jina lake likitembea mjini.

Mwaka uliofuata, katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris, alijinyakulia medali tano kwa kazi za vitambaa, vito na mapambo ya banda. Tangu hapo milango ilifunguka. Alisanifu matangazo ya mgahawa wa Prunier, akafanya kazi katika studio ya duka kubwa la Trois Quartiers, akabuni mabango, vifungashio na orodha za bidhaa. Hakukuwa na mwalimu aliyempangia masomo hayo. Kila mteja alileta swali jipya, na kila swali lilimlazimisha kujifunza chombo kingine: leo wino, kesho kitambaa, kesho kutwa kamera.

Somo la Philadelphia

Mwaka 1930 Brodovitch alihamia Marekani pamoja na mkewe na mtoto wao. Alikuwa amealikwa na chuo cha sanaa za viwandani kilichoendeshwa na jumba la makumbusho la Pennsylvania, mjini Philadelphia, aanzishe idara ya usanifu wa matangazo. Nchi ilikuwa imeingia katika mdororo mkubwa wa uchumi, na vijana waliojiandikisha chuoni hapo walihitaji ufundi utakaowapatia ajira.

Wakati huo matangazo mengi ya Marekani yalikuwa michoro yenye kuiga uhalisia kwa uangalifu mwingi: familia yenye furaha, bidhaa iliyong'arishwa, na maneno yaliyosongamana chini yake. Brodovitch aliona kwamba wanafunzi walikuwa wakifundishwa kurudia yale ambayo soko lilikuwa tayari limeyachoka. Akaingia darasani na majarida ya Ulaya na ya Marekani, akayafungua mbele yao, akawataka waeleze kwa nini ukurasa huu unamsimamisha msomaji na ule unampita. Aliwatoa pia nje ya chuo wakatazame viwanda na mitaa, kisha wachore walichokiona, si walichodhani wanapaswa kukiona.

Mwaka 1933 alianzisha darasa maalumu kwa waliokwisha kupiga hatua, akaliita Maabara ya Ubunifu. Jina lilieleza nia. Maabara ni mahali pa kujaribu, na majaribio mengine hushindwa. Mwanafunzi alipewa kazi, akaenda kuitafutia jibu, kisha akairudisha na kuiweka mbele ya wenzake wote ili ijadiliwe. Hapakuwa na kanuni za kukariri. Brodovitch hakuwaambia kitu kizuri kinafananaje. Aliwaambia tu kwamba walicholeta amekwisha kukiona mahali pengine, na wakaleta kingine.

Miongoni mwa wanafunzi wa Philadelphia alikuwa kijana aliyeitwa Irving Penn, ambaye wakati huo alijiona mchoraji. Baadaye Penn alikuja kuwa mmoja wa wapiga picha mashuhuri zaidi wa karne ya 20.

Kurasa zinazopumua

Mwaka 1934 Carmel Snow, mhariri mkuu wa Harper's Bazaar, alitembelea maonyesho ya wakurugenzi wa sanaa mjini New York, ambayo Brodovitch alikuwa ameyapanga. Alichokiona kilimtosha kumpa kazi Mrusi huyo mara moja.

Mabadiliko yalionekana kwa macho. Kabla yake, kurasa za majarida ya mitindo zilikuwa kama kabati lililojaa: picha ndani ya fremu, pambo pembeni, maneno kila penye pengo. Brodovitch aliondoa fremu. Aliziona kurasa mbili zinazotazamana kuwa uwanja mmoja, akaiacha picha ivuke mkunjo wa katikati na kufika ukingoni mwa karatasi. Mara nyingine aliiacha nusu ya uwanja huo ikiwa nyeupe kabisa, ili jicho lipate pa kupumzika na picha ipate nguvu. Maneno aliyapanga yafuate umbo la picha: mwanamke akiinama, aya nayo iliinama.

Hakutosheka na ukurasa mmoja mmoja. Alitengeneza nakala za kila picha katika vipimo mbalimbali, akachagua, kisha akazitandaza kurasa zote sakafuni na kuzitembelea kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitaka toleo zima liwe na mwendo kama wa muziki, mahali pa kelele na mahali pa kimya.

Aliwafungulia kurasa hizo wasanii waliofanya kazi Ulaya ambao wasomaji wengi wa Marekani hawakuwa wamewazoea, wakiwamo A. M. Cassandre, Man Ray, Brassaï na Henri Cartier-Bresson. Baadhi yao, kama yeye mwenyewe, walikuwa watu waliohama makwao.

Mwalimu asiye na sifa za bure

Kuanzia mwaka 1941 Maabara ya Ubunifu iliendelea mjini New York, katika chuo cha New School for Social Research, na baadaye mahali pengine. Watu walikuja jioni baada ya kazi: wachoraji wa matangazo, wasaidizi wa studio, vijana waliotoka jeshini. Richard Avedon alifika akiwa amepiga picha za vitambulisho vya mabaharia wa meli za biashara wakati wa vita. Muda mfupi baadaye akawa nyota wa Harper's Bazaar. Hiro, aliyezaliwa Shanghai kwa wazazi wa Kijapani, alifuata njia hiyo hiyo. Lillian Bassman, Eve Arnold na Garry Winogrand nao walipitia mikononi mwake.

Si kila mtu alinufaika. Brodovitch alisifu mara chache mno, na ukosoaji wake uliweza kumvunja moyo asiyekuwa na ngozi ngumu. Diane Arbus alihudhuria kwa muda mfupi, kisha akapata alichokitafuta kwa mwalimu mwingine, Lisette Model. Hata waliomheshimu walikiri kwamba hakufundisha kwa maelezo yaliyonyooka. Aliwatia wanafunzi wake njaa ya kutafuta, na wengine waliondoka na njaa hiyo bila chakula.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa majaribio hayo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 alipiga picha za makundi ya dansi ya Kirusi yaliyotembelea Marekani, kwa kamera ndogo na mwanga hafifu wa jukwaani. Wachezaji walitoka wakiwa kivuli na ukungu, jambo ambalo mafundi wa siku hizo waliliita kosa. Brodovitch aliliona kuwa ndilo dansi lenyewe. Picha hizo zilichapishwa mwaka 1945 katika kitabu kilichoitwa Ballet, nakala 500 tu. Mwaka 1950 alisanifu jarida la Portfolio, lililohusu sanaa ya michoro. Mtu huyo aliyewafundisha wengi kutengeneza matangazo alitoa jarida lisilo na tangazo hata moja. Lilikuwa ghali kupita kiasi, likafa baada ya matoleo matatu.

Miaka ya kupoteza

Mwaka 1956 moto uliteketeza nyumba yake ya Pennsylvania. Filamu za picha za Ballet, michoro na kumbukumbu zake nyingine viliungua. Mwaka 1958 aliondoka Harper's Bazaar, baada ya Carmel Snow naye kuondoka. Mwaka uliofuata Nina alifariki dunia. Pombe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imemwandama, ikamzidi nguvu, na sonona ikamlaza hospitalini zaidi ya mara moja. Akiwa katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili mjini New York, alificha kamera ndogo sana ndani ya pakiti ya sigara na kupiga picha za wenzake wodini. Hata hapo hakuacha kutazama.

Mwaka 1966, afya yake ikiwa imedhoofika, alirudi Ufaransa, nchi iliyompokea alipokuwa hana kitu. Alifariki mwaka 1971 katika mji mdogo wa Le Thor, kusini mwa nchi hiyo. Hakuwahi kuandika kitabu cha kueleza mbinu zake.

Mwaka 1972 chama cha wakurugenzi wa sanaa cha New York kiliingiza jina lake katika orodha yake ya heshima, na Philadelphia, alikoanzia kufundisha, yakafanyika maonyesho ya kazi zake. Waliokuwa wanafunzi wake wakati huo walikuwa wakishika nafasi za juu katika majarida na kampuni za matangazo.

Leo kijana anayejiunga na chuo kusomea usanifu wa michoro na matangazo hupewa kazi iliyofanana na ya mteja halisi, hubandika jibu lake ukutani, na hulitetea mbele ya wenzake. Njia hiyo haikutoka kwa Brodovitch peke yake, lakini ni wachache walioifuata kwa muda mrefu na kwa ukali kama yeye. Aliifundisha kwa sababu hiyo ndiyo iliyomfundisha yeye: kazi yenye tarehe ya kukabidhi, jicho la mtu mwingine likiitazama, na hakuna cheti cha kujifichia nyuma yake.