John Kirk: Mswaki ulioshika sumu ya mishale ukafungua njia ya dawa ya moyo

Wengi wanamjua Sir John Kirk kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, Juni 1873. Wachache wanajua kwamba jina lake limo pia kwenye historia ya dawa za moyo, tena kwa sababu ya mmea wa Afrika na mswaki.

Kirk alizaliwa Desemba 1832 huko Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisoma udaktari Edinburgh akahitimu mwaka 1854, kisha akahudumu hospitali ya jeshi wakati wa vita vya Crimea. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Mwaka 1858 alipata nafasi aliyoitaka: daktari na mtaalamu wa mimea kwenye msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi.

Sumu ya wawindaji

Kwenye bonde la mto Shire, Malawi ya leo, Kirk aliwakuta wawindaji wakipaka mishale sumu iitwayo kombe. Ilitoka kwenye mbegu za mmea unaotambaa. Mnyama akichomwa, haendi mbali. Nyama yake inaliwa bila shida, ila sehemu ya jeraha hukatwa na kutupwa.

Kirk alichukua sampuli. Mswaki wake ukakaa pamoja na sumu hiyo ukachafuka. Alipoutumia alisikia uchungu mkali mdomoni, na alipopima mapigo ya moyo wake akakuta yamebadilika. Mtu mwingine angesukutua na kusahau. Yeye alikuwa daktari, akaelewa kwamba sumu ile inagusa moyo.

Kutoka mshale hadi wodini

Sampuli zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser. Huyu hakukimbilia kuwapa wagonjwa. Alianza na vyura, akaona jinsi sumu inavyoufanya moyo ujikaze mpaka usimame. Akatafuta kiini chake, kikaitwa strofantini. Baada ya miaka mingi ya kazi, mwaka 1885, ndipo akawaeleza madaktari wenzake matokeo kwa wagonjwa wa moyo: kwa kipimo kidogo, kile kinachoua kinaupa moyo dhaifu nguvu ya kusukuma damu.

Dawa ikaingia sokoni, na shida ikaanza. Strofantini ya kunywa hainyonywi vizuri tumboni, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wawindaji wale nyama bila kudhurika. Kwa hiyo dozi ileile ya maji ya dawa ingeweza kumsaidia huyu na isimfanyie yule chochote. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel alianza kuichoma kwenye mshipa, na hapo ikafanya kazi kwa uhakika zaidi. Hata hivyo, nafasi kati ya dozi inayotibu na inayoua ilibaki finyu sana.

Kirk mwenyewe wakati huo alikuwa na mambo mengine. Alifika Zanzibar mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi, akapanda cheo mpaka balozi mkuu, akaondoka 1886. Pale Mbweni alikuwa na bustani ya mimea. Kima punju wa Zanzibar bado anabeba jina lake kwenye vitabu vya sayansi. Alifariki Januari 1922, akiwa na miaka 89. Wawindaji wa Shire walioijua kombe kabla yake, majina yao hayakuandikwa.

Sasa mtu wa Bukoba na Muleba anahusikaje?

Anahusika sana. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili walikuja Kagera wakaorodhesha mimea ya dawa: kata za Bugabo na Katoro upande wa Bukoba, na kijiji cha Kikuku, Muleba. Ripoti zilitoka kati ya 2009 na 2012. Hiyo ni hatua ya Kirk: kuuliza wenyeji, kuchukua sampuli, kuandika. Hatua ya Fraser ni nyingine, na ni ndefu.

Kuna wanaoiruka hatua hiyo. Unauziwa kopo la vidonge vya mitishamba, unaambiwa yanasafisha mafuta kwenye damu na kuponya moyo. Ushahidi unasemaje? Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2022 ulilinganisha dozi ndogo ya rosuvastatini, dawa ya hospitali, na virutubisho sita vikiwemo vitunguu saumu, mdalasini na manjano. Baada ya siku 28, dawa ilishusha kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 38. Hakuna kirutubisho hata kimoja kilichofanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa.

Dawa ya mmea ikithibitika, nayo haiponyi kila kitu. Digoksini inatokana na mmea wa Ulaya na inafanya kazi kama strofantini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 6,800, majibu yakatoka 1997: ilipunguza kulazwa hospitali, lakini haikupunguza vifo.

Kwa hiyo kama unameza dawa za presha au moyo, usiziache kwa sababu ya kopo la sokoni. Na kama unatumia mitishamba, mwambie daktari wako, usimfiche. Vidonge vya vitunguu saumu, kwa mfano, vikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Mmea kuwa wa asili hakuufanyi uwe salama. Kombe nayo ilikuwa ya asili, na ilitosha kumwangusha mnyama kwa mshale mmoja.