MAISHA YA ABDALLAH SUSI, ALIYECHAGUA NJIA

Katika mwaka huu wa Jubilii wako Wakristo wetu, hasa vijana wa Gungu, waliokusudia kwenda hija kwa miguu, safari ya siku nyingi, nao hawajapata kwenda safari kama hiyo maishani mwao. Neno la kwanza waulizalo ni njia: wafuate ukingo wa ziwa, au wapande bara? Wapite palipo karibu, au palipo salama? Swali hili si jipya katika nchi yetu. Basi tumeona vema kueleza habari za mtu mmoja ambaye nyayo zake zilikanyaga Ujiji zamani, na ambaye aliongoza safari ngumu sana kwa ajili ya upendo na uaminifu.

Abdallah Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. Mwaka 1863 aliajiriwa na Daktari David Livingstone akate kuni za meli. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari kwa merikebu ndogo toka Unguja mpaka Bombay, na Susi alikuwa mmoja wa mabaharia wake. Huko Bara Hindi alifanya kazi bandarini hata bwana wake aliporudi. Mwaka 1866 wakashuka pamoja katika pwani ya kusini, wakaufuata mto Ruvuma kwenda bara. Katika safari ile wengi waliasi na kukimbia. Susi hakukimbia.

Mwezi wa Machi 1869 wakafika Ujiji, Livingstone akiwa mgonjwa sana. Wakavuka ziwa kwenda Manyema, wakakaa huko miaka miwili na zaidi, na mwaka 1871 wakaona kwa macho yao mauaji ya watu sokoni Nyangwe. Waliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba mwaka ule walikuta mali yao yote imekwisha kuuzwa na mtu aliyewekewa amana. Ndipo siku chache baadaye Susi akaja mbio kumwarifu bwana wake ya kuwa Mzungu anakuja, maana Stanley alikuwa akiingia mjini na msafara wake. Mahali pale leo pana nguzo ya ukumbusho na miembe, na mtu wa Gungu aweza kwenda na kurudi kwa miguu kabla ya jua kuchwa.

Hapo Susi alipata somo la kwanza la njia, nalo alilipata katika nchi yetu wenyewe. Stanley alipokuja Ujiji alipita Uha, akatozwa hongo nyingi hata akaogopa kurudi huko. Na njia kuu ya Unyanyembe ilikuwa hatarini kwa vita vya Mirambo. Kwa hiyo mwisho wa Desemba 1871 walipanda mitumbwi, wakashuka kusini kwa ziwa, wakapita mlango wa Malagarasi, kisha wakaingia bara. Walifika Unyanyembe mwezi wa Februari 1872. Walizunguka sana, lakini walifika wazima pamoja na mizigo yao. Ndivyo ilivyo: njia fupi katika ramani yaweza kuwa ndefu katika miguu.

Stanley akarudi pwani, akaleta watu wapya. Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone akaondoka tena kwenda kusini. Wafuasi wake wa tangu 1866 walikuwa wamebaki watano tu, nao ni Susi, Chuma, Amoda, Gardner na Mabruki. Walishuka kando ya Tanganyika wakipanda na kushuka milima iingiayo ziwani, katika jua kali. Kisha wakapita mashariki ya ziwa Bangweulu wakati wa mvua, nchi yote imejaa maji, hata wakawa wakimbeba mgonjwa wao mabegani. Mapema mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kijana Majwara alimwamsha Susi usiku. Wakaingia kibandani, wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Tufikiri hali yao. Bwana wao amekufa, na hapana mtu wa kuwaamuru. Katika nchi zile maiti ya mgeni iliogopwa sana, na aliyeonekana nayo aliweza kutozwa mali au kuuawa. Wangaliweza kumzika pale pale, wakagawana vitu, wakaenda zao, wala asingalikuwako wa kuwashitaki. Lakini walikutana wakafanya shauri, wakawaweka Susi na Chuma kuwa wakuu wao, wakaamua kuuchukua mwili mpaka pwani, urudi kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik huko Bara Hindi, akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi katika mti ule. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo, wakautia ndani ya gome la mti na kuushonea turubali.

Kisha likaja neno la njia. Mtu atazamaye ramani aweza kudhani ya kuwa ingalikuwa karibu zaidi kupita Nyasa mpaka pwani ya kusini. Lakini njia ile waliipita mwaka 1866, wakaona njaa yake na hofu ya Mazitu. Unyanyembe walikuwa na akiba ya vitu, na watu waliojua majina yao. Basi wakaelekeza nyuso zao Unyanyembe. Tena hawakurudi kwa njia ya mashariki ya Bangweulu, kwa sababu ya maji yake; walipita magharibi, wakauvuka mto Luapula, ambao hapo ni mpana kama ziwa.

Mashaka hayakukosa. Mwanzoni tu wengi waliugua, wakangoja karibu mwezi mzima hata wagonjwa wapate nguvu. Simba alimuua punda wao. Katika mji wa Chawende walipigana, na damu ikamwagika. Pia walikuwamo wanawake, kama Halima mpishi, mke wa Amoda, nao walitembea njia ile ile.

Walipofika upande wa kusini wa Tanganyika wakafanya uchaguzi wa pili, nao twaona ni wenye akili kabisa. Njia waliyoijia ilikuwa ya kando ya ziwa, nao walikumbuka milima yake. Kwa hiyo waliliacha ziwa, wakashika upande wa mashariki katika Ufipa, ambako nchi ni tambarare zaidi, wakapata na nyama za kuwinda. Msomaji wa Gungu asidhani basi ya kuwa mwili ulipita Ujiji. Susi aliupenda mji huu, tena aliujua vizuri, lakini hakuukaribia, maana mwenye mzigo mtakatifu haendi anakopenda, huenda mzigo unakofika salama.

Mwezi wa Oktoba 1873 Chuma alitangulia Unyanyembe, akamkuta Bwana Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliwapa shauri wamzike pale, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wao wakakataa. Hapo yaonekana ukubwa wa moyo wao: Mzungu mwenye cheo alisema neno la busara, nao waliokuwa watumishi wakashika ahadi yao kwa adabu. Cameron akaendelea mpaka Ujiji, akazipata karatasi za Livingstone zilizoachwa huko.

Mbele ya Unyanyembe, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Susi na wenzake wakajifanya kukubali. Walitengeneza mzigo wa mabua ya mtama, wakaufunga mfano wa maiti, wakawapa watu 6 waurudishe Unyanyembe kana kwamba waenda kuzika. Nao usiku wakayatawanya mabua yale porini. Mwili wenyewe waliufunga upya kama mtumba wa nguo, wala hapana aliyeutambua tena. Wako wanaotuuliza kama hila ile ilikuwa dhambi. Sisi twasema hivi: hawakumnyang'anya mtu kitu, wala hawakumdhulumu, nao waliepusha vita ambavyo pengine vingaliua wengi. Kwa Chawende walipita kwa bunduki. Kwa Kasekera walipita kwa akili. Ya pili ni bora kuliko ya kwanza.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi 9 na zaidi ya maili 1,000. Hapo mwili ulipokewa, na wao wakalipwa mishahara yao, wakaachwa waende zao. Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliomchukua, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwako. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye mwaka ule, maziko yamekwisha, wakasaidia kueleza maandiko ya bwana wao ili yapigwe chapa.

Susi aliishi miaka mingi bado. Tangu 1879 alikuwa mmoja wa wasimamizi wa Stanley katika mto Kongo. Aliporudi Unguja aliongoza misafara ya Misioni ya Vyuo Vikuu, akawapitisha mapadre katika njia alizozijua. Mwaka 1886 alibatizwa, akapewa jina la Daudi, jina la yule aliyembeba. Alikufa Unguja mwaka 1891. Chuma alikuwa amemtangulia mwaka 1882.

Jambo hili tulitafakari sisi tufundishao wakatekumeni. Wakati Susi alipoichukua maiti ile alikuwa bado hajabatizwa. Kazi ya huruma ambayo Wakristo wengi wangaliikimbia ilifanywa na mtu aliyekuwa bado nje ya mlango wa Kanisa. Mungu huwatumia awatakao, naye alimwongoza mwenyewe mpaka kisimani mwa ubatizo kwa njia ya miaka 12.

Kwa hiyo ninyi mtakaokwenda hija, fanyeni kama Susi. Waulizeni waliopita kabla yenu. Chagueni palipo na maji na chakula, wala msione haya kuzunguka. Mwendo wenu uwe wa aliye dhaifu kuliko wote, na akiugua mmoja, ngojeni. Heshimuni desturi za vijiji mtakavyopita. Tena kabla ya kufunga mizigo, kila mtu ajiulize anabeba nini na anakipeleka kwa nani. Maana asiyejua hayo, hata akionyeshwa njia nzuri, atachoka kabla ya kuuona mto Malagarasi.