Paul Robeson: Sauti Iliyonyimwa Pasipoti

Miongoni mwa watu waliojifunza Kiswahili katika Chuo cha Taaluma za Mashariki jijini London katika miaka ya 1930, alikuwamo Mmarekani mweusi, pandikizi la mtu mwenye miraba minne, ambaye sauti yake ya besi ilikuwa imekwisha kutikisa kumbi za Ulaya. Huyo alikuwa Paul Robeson. Hakukiendea Kiswahili kwa ajili ya kazi wala biashara. Alitaka kujua chimbuko la nyimbo alizorithi kwa wazazi wake, naye aliamini kuwa chimbuko hilo liko Afrika. Huko London alifahamiana na Waafrika waliodai uhuru wa nchi zao, akiwemo Jomo Kenyatta. Wawili hao hata walionekana katika filamu moja, Sanders of the River ya mwaka 1935, Robeson akiwa mhusika mkuu na Kenyatta akiwa na sehemu ndogo tu. Filamu ilipotoka ikawa ya kuusifu ukoloni; Robeson aliona haya na baadaye akaikana hadharani. Tangu hapo suala la Afrika halikumtoka moyoni, nalo ni mojawapo ya mambo yaliyomponza.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Babake alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka angali kijana, akasoma hata akawa mchungaji wa kanisa. Mamake alifariki kwa ajali ya moto Paul akiwa na umri wa miaka mitano. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusomea Chuo cha Rutgers, ambako wanafunzi weusi waliowahi kupokelewa kabla yake walikuwa wawili tu. Alipojaribu kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wenzake walimvunja pua. Alirudi uwanjani, na katika miaka ya 1917 na 1918 akateuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima. Mwaka 1923 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani mmoja mzungu alikataa kuandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi. Robeson aliipa sheria kisogo akashika jukwaa. Alipoigiza Othello huko Broadway kuanzia mwaka 1943, tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia hapo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Muungano wa Kisovieti uliokuwa mshirika wa Marekani uligeuka hasimu, na hofu ikatanda. Machi 1947 Rais Harry Truman aliamuru uaminifu wa wafanyakazi wa serikali kuu uchunguzwe. Mwaka huohuo Kamati ya Bunge ya Kuchunguza Shughuli Dhidi ya Marekani iliwahoji watu wa filamu wa Hollywood, na kumi waliokataa kujibu hatimaye walifungwa. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy alidai kuwa na orodha ya wakomunisti waliojipenyeza katika Wizara ya Mambo ya Nje, orodha ambayo hakuwahi kuithibitisha. Husemwa kwamba lisemwalo lipo. Katika Marekani ya miaka hiyo methali hiyo ilifanywa ushahidi. Mtu alifutwa kazi kwa sababu jina lake limetajwa, na aghalabu njia ya kujisafisha ilikuwa kuyataja majina ya wenzake.

Haisemwi hapa kwamba Robeson hakuwa na ila. Aliupenda Muungano wa Kisovieti tangu alipouzuru mwaka 1934, kwa kuwa huko alihisi kutendewa kama binadamu kamili. Mapenzi hayo yalimfumba macho. Mwaka 1949 alionana mjini Moscow na mshairi Myahudi Itzik Feffer, aliyekuwa mfungwa wa serikali, ila aliporejea nyumbani hakuyafichua mateso hayo. Na Stalin alipofariki mwaka 1953 alimsifu. Doa hilo halifutiki. Lakini kuisifu nchi ya kigeni si jinai, na katika misukosuko yote iliyomfika hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa kosa lolote.

Dhoruba ilianzia Paris, Aprili 1949, katika kongamano la amani. Maneno yaliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press hayakulingana na aliyoyatamka: ilidaiwa amesema kuwa Wamarekani weusi hawangekubali kupigana na Urusi kwa niaba ya waliowadhulumu. Magazeti yalimwita haini, na hata viongozi weusi wakajitenga naye. Agosti mwaka huo umati ulizuia tamasha lake karibu na Peekskill, New York. Tarehe 4 Septemba alirudi akaimba mbele ya watu wapatao 20,000, huku wanachama wa vyama vya wafanyakazi wakisimama bega kwa bega kumlinda. Wasikilizaji walipoondoka, magari yao yalipigwa mawe, polisi wakitazama. Zaidi ya watu 140 walijeruhiwa.

Mwaka 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ilidai pasipoti yake. Alipokataa kuirudisha ikafutwa. Aliarifiwa kwamba hakupaswa kuyasema ng'ambo madhila ya watu weusi, eti hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Kesi ilipofika mahakamani, wanasheria wa serikali walitaja sababu nyingine: kwa miaka mingi Robeson alikuwa amejishughulisha na uhuru wa makoloni ya Afrika. Ukweli ni kwamba aliliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililokusanya misaada ya chakula kwa wenye njaa Afrika Kusini na kuupinga ukoloni waziwazi. Kwa hiyo wito wa uhuru wa Afrika nao ulihesabiwa kuwa hatari kwa Marekani.

Kumbi zilimfungia milango, rekodi zake zikatoweka madukani, na mapato yake yaliyozidi dola 100,000 kwa mwaka yakaporomoka hadi elfu chache. Hata kitabu kimoja cha kumbukumbu za mpira kilichochapishwa mwaka 1950 kiliorodhesha kikosi bora cha 1918 kikiwa na wachezaji kumi badala ya kumi na mmoja. Aliyekosekana ni Robeson.

Hata hivyo, sauti haikuhitaji pasipoti. Alipozuiwa kuingia Kanada mwaka 1952, ingawa Mmarekani hakuhitaji pasipoti kwenda huko, aliwaimbia wachimba migodi wa Vancouver kwa simu. Mei mwaka huo alipanda nyuma ya lori lililoegeshwa mpakani, upande wa Marekani, akaimba, na maelfu ya Wakanada wakamsikiliza kutoka upande wao. Mwaka 1957 aliimba New York, na wimbo ukapita chini ya bahari ya Atlantiki kwa waya mpya wa simu hadi ukumbini London.

Juni 1956 Kamati ilimwita. Aliulizwa kama ni mkomunisti, akakataa kujibu kwa kuitegemea katiba, ingawa miaka kumi kabla alikuwa amelikana jambo hilo kwa kiapo huko California. Mbunge mmoja alipomuuliza kwa nini hakubaki Urusi, alimkumbusha kwamba babake alikuwa mtumwa na kwamba jamaa zake walikufa wakiijenga nchi hiyo, hivyo angekaa papo hapo na kuwa na fungu lake. Kamati iliahirisha kikao.

Juni 1958, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya mtu mwingine, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani zake za kisiasa. Robeson alipata yake, akasafiri, akaigiza Othello tena huko Stratford mwaka 1959. Lakini miaka minane ilikuwa imekwisha kupotea, na afya ikamwacha mkono. Mwaka 1961 alijaribu kujitoa uhai mjini Moscow. Alirudi Marekani mwaka 1963, na baada ya mkewe Eslanda kufariki mwaka 1965 aliishi kwa dada yake huko Philadelphia, mbali na macho ya watu, hadi alipofariki tarehe 23 Januari 1976. Jumba la Heshima la mpira wa vyuo lilimpokea mwaka 1995.